Walichanga dola milioni 8, na bado chuo kikapokonywa ithibati

Hebu jiweke katika hali hii. Uko mwaka wa tatu chuoni. Karo ulilipa kwa kubahatisha, mitihani imekaribia, na mama nyumbani ameshatangazia kanisa zima kwamba mwaka ujao kuna mahafali. Halafu wiki mbili kabla ya Krismasi mnaambiwa chuo chenu kimepoteza ithibati. Si ati wahadhiri hawafunzi, wala si ati kuna mtu ameiba mitihani. Shida ni hesabu za pesa. Mkitaka rufaa yenu isikilizwe mkiwa na kitu mkononi, tafuteni dola milioni 5 kufikia Februari 1.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Desemba 2018 katika Chuo cha Bennett, mjini Greensboro, jimbo la North Carolina nchini Marekani. Bennett ni chuo cha wanawake weusi, kilichoanzishwa mwaka wa 1873. Wakati huo kilikuwa na wanafunzi wasiofika 500, idadi ambayo shule nyingi za upili hapa kwetu zinaipita. Na pesa walizotakiwa kutafuta ni kama Sh500 milioni kwa bei ya dola ya siku hizo.

Mabinti wa Bennett hawakukaa kulia. Mwito wa #StandWithBennett ukaenea mitandaoni. Makanisa yakapitisha sahani, wahitimu wa zamani wakatuma walichonacho, watu ambao hawajawahi kukanyaga Greensboro wakatoa dola kumi, dola ishirini. Chuo jirani chenye uwezo, High Point, kikatoa dola milioni 1. Mapema Februari 2019 hesabu ilisoma zaidi ya dola milioni 8.2. Walikuwa wamelipita lengo kwa zaidi ya milioni 3.

(Jambo dogo la pembeni: Februari 1 si siku ya kawaida Greensboro. Tarehe hiyo mwaka wa 1960 wanafunzi wanne weusi wa chuo jirani walikaa kwenye kaunta ya mgahawa wa Woolworth's iliyotengewa wazungu wakakataa kuondoka, na wasichana wa Bennett wakaingia kwa wingi katika maandamano yaliyofuata. Miaka 59 baadaye, tarehe ile ile, wajukuu wao walikuwa wanahesabu michango.)

Basi, mwisho wa hadithi ni furaha? Hapana. Mwezi huo huo wa Februari, shirika la ithibati la majimbo ya kusini, SACSCOC, lilisikiliza rufaa na kusema uamuzi wake unabaki vile vile. Pesa walikuwa wamezipata, sawa. Lakini chuo hakikuwa kimeonyesha kwamba kina msingi thabiti wa kifedha wa kukiendesha mwaka huu, mwaka ujao na ule mwingine. Bennett walikimbia mahakamani, wakapata amri ya kuwalinda kwa muda, na baadaye wakahamia shirika jingine la ithibati liitwalo TRACS. Chuo kipo hadi leo.

Nimeanza na Bennett kwa sababu kisa hiki kinaeleza, kuliko takwimu yoyote, shida halisi ya vyuo vidogo vinavyohudumia watu wa jamii zilizobaguliwa Marekani. Harambee inaweza kuokoa chuo leo. Kinachokiua ni kukosa pesa za kesho, zile pesa za kuchosha ambazo hakuna mtu huziimbia mitandaoni: mishahara ya Machi, bili ya stima ya Agosti, paa linalovuja.

Kwa nini ithibati ndiyo roho

Huku kwetu, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ndiyo huamua chuo gani kinaruhusiwa kufunza nini. Marekani kazi hiyo hufanywa na mashirika yasiyo ya serikali, ambayo vyuo vyenyewe ni wanachama. Lakini serikali kuu imefunga fundo hapo: mwanafunzi hapati msaada wala mkopo wa serikali hiyo iwapo chuo chake hakina ithibati. Msaada mkuu wa wanafunzi kutoka familia maskini unaitwa Pell, na kiwango chake cha juu katika mwaka wa masomo wa 2025-26 ni dola 7,395. Katika vyuo vidogo vya weusi, wanafunzi wengi husoma kwa Pell na mikopo. Ithibati ikienda, karo nayo inaenda. Ni kama HELB iamke asubuhi iseme wanafunzi wa chuo chenu pekee ndio hawatapata kitu tena.

Tazama Morris Brown, mjini Atlanta. Chuo hiki kilianzishwa mwaka wa 1881 na kanisa la AME, yaani na watu weusi wenyewe, wakati vyuo vingi vya aina yake vilianzishwa na wamishonari wazungu. Mwaka wa 2002 kilipoteza ithibati kwa sababu ya madeni na usimamizi mbaya wa pesa. Kilikuwa na wanafunzi kama 2,500. Wakahama. Kuna wakati walibaki chini ya 50, idadi ambayo matatu mbili za abiria 33 zinaibeba na nafasi inabaki. Sehemu kubwa ya ardhi ikauzwa kulipa wadai. Jumba la Fountain Hall, ambamo msomi W.E.B. Du Bois aliwahi kuwa na ofisi, likaachwa likioza. Chuo kilirudishiwa ithibati Aprili 2022, na TRACS pia. Miaka 20! Mtoto aliyezaliwa siku ile ilipoondolewa alikuwa ameshatosha kuwa mwaka wa pili.

Najua unachotaka kusema: si waliiba? Ndiyo, Morris Brown kulikuwa na uozo. Mkuu wa zamani wa chuo na aliyekuwa msimamizi wa ufadhili wa wanafunzi walikiri makosa mahakamani mwaka wa 2006, kuhusu pesa za serikali zilizotolewa kwa ajili ya wanafunzi. Sitawatetea. Bodi za vyuo hivi zimelala mara nyingi, na wakati mwingine zimemlinda rafiki wa askofu kuliko mwanafunzi. Lakini pima hivi: mwizi akiingia chuo tajiri, inakuwa habari ya wiki moja na wakili anaitwa. Mwizi yule yule akiingia chuo kisicho na akiba, chuo kinakufa. Kosa ni moja, adhabu ni mbili tofauti kabisa, na anayelipa ni komredi wa mwaka wa tatu ambaye hakugusa hata senti.

Akiba ingetoka wapi?

Marekani ina vyuo kama 100 vinavyotambuliwa kisheria kuwa vya kihistoria vya watu weusi, ambavyo huitwa HBCU. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka wa 1965 inasema ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 hasa kwa ajili ya kuwasomesha weusi. Ukisikia Howard, alikosoma Kamala Harris, au Morehouse, alikosoma Martin Luther King, hao ndio wakubwa wa familia. Mimi naongea kuhusu wale wadogo ambao hawana nyota wa kuwatangaza.

Vyuo tajiri vya Marekani haviishi kwa karo. Vina mfuko wa akiba ya kudumu: pesa zilizowekezwa miaka mingi, chuo hula faida tu na kuacha mtaji. Mfuko wa Harvard ulikuwa zaidi ya dola bilioni 50 mwaka wa 2024. Chukua asilimia 4 tu ya hiyo na una zaidi ya dola bilioni 2 za kutumia kila mwaka bila hata kumtoza mwanafunzi karo. Mfuko kama huo huanzishwa na wahitimu matajiri, na wahitimu matajiri hutoka katika familia zilizokuwa na ardhi, nyumba na biashara za kurithisha. Mhitimu wa chuo kidogo cha weusi wa mwaka wa 1955 alikuwa mwalimu, muuguzi au mhubiri, katika nchi iliyomkatalia mkopo wa nyumba kwa sababu ya rangi yake. Angetoa nini? Alitoa dola tano kila Jumapili ya chuo, na ukiniuliza mimi, hiyo ni sadaka kubwa kuliko jumba lenye jina la bilionea.

Hata serikali haikutoa sawa. Septemba 2023, mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani waliandikia magavana wa majimbo 16 barua kuhusu vyuo vya umma vya weusi vilivyotokana na sheria ya ardhi ya mwaka wa 1890. Kwa hesabu yao, kati ya 1987 na 2020 vyuo hivyo vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 ikilinganishwa na vyuo vya wazungu vya aina ile ile katika majimbo hayo hayo. Tennessee State peke yake ilikuwa inadai dola bilioni 2.1. Kule Maryland wahitimu walishtaki jimbo mwaka wa 2006. Walipatana nje ya mahakama mwaka wa 2021 kwa dola milioni 577. Kesi ya miaka 15.

Na kukopa? Hapo pia kuna kodi ya rangi. Utafiti wa wasomi wa fedha uliochapishwa mwaka wa 2019 ulilinganisha hatifungani za vyuo vya weusi na za vyuo vingine. Vyuo vya weusi vililipa ada kubwa zaidi kuuza hatifungani zao, hata vikiwa na alama sawa za uaminifu wa kulipa deni. Pengo lilikuwa baya zaidi katika majimbo ya Alabama, Louisiana na Mississippi. Yaani una rekodi safi ya mkopo kama jirani yako, lakini wewe unatozwa zaidi kwa sababu mnunuzi hataki karatasi yenye jina lako.

Sasa chukua hayo yote uyaweke kwenye chuo chenye wanafunzi 400. Mkuu wa fedha hapungui nusu kwa sababu wanafunzi wamepungua nusu. Maktaba, mabweni ya matofali ya zama za babu, mifumo ya kompyuta, mkaguzi wa hesabu, vyote vinataka kulipwa vile vile. Wanafunzi 50 wasiporudi Agosti, bajeti yote inapasuka.

Ndiyo maana orodha ya marehemu inaongezeka. Saint Paul's ya Virginia, iliyoanzishwa mwaka wa 1888, ilifunga mwaka wa 2013. Concordia ya Selma, Alabama, ikafunga mwaka wa 2018. Chuo cha Lincoln huko Illinois si HBCU lakini kilikuwa na weusi wengi; kilipewa jina la Abraham Lincoln mwaka wa 1865 akiwa bado hai. Kilipona moto wa 1912, kikapona vita viwili vya dunia. Kisha corona ikakimaliza nguvu, na Desemba 2021 wadukuzi wakafunga mifumo yake ya kusajili wanafunzi na kuchangisha pesa. Mifumo iliporudi, chuo kikaona idadi ya wanafunzi wanaotarajiwa, kikajua mambo yamekwisha. Kilifunga milango Mei 13, 2022.

Anayening'inia sasa ni Saint Augustine's ya Raleigh, North Carolina, chuo cha mwaka wa 1867. Ithibati iliondolewa Desemba 2023, ikarudishwa Julai 2024 baada ya usuluhishi, ikaondolewa tena Desemba 2024. Wafanyakazi walikaa bila mishahara. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 1,000, wakashuka hadi kama 200. Katika hiyo kiu, chuo kilichukua mkopo wa dola milioni 7 kutoka kampuni moja ya uwekezaji, kwa riba iliyoripotiwa kuwa asilimia 24, na ardhi ya chuo ikiwa dhamana. Piga hesabu: riba peke yake ni karibu dola milioni 1.7 kwa mwaka. Wewe uliyewahi kukopa kwa simu saa nne usiku ili ulipe mkopo mwingine wa simu, huhitaji kuelezwa. Chuo kikisota hufanya kile ambacho mtu akisota hufanya.

Pesa za kishindo na pesa za kila siku

Usidhani hakuna anayetoa. Mwaka wa 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd, tajiri MacKenzie Scott alitoa mamia ya mamilioni ya dola kwa zaidi ya vyuo 20 vya weusi, bila fomu, bila masharti. Prairie View A&M ya Texas ilipata dola milioni 50. Januari 2024, Spelman ya Atlanta ikapata dola milioni 100 kutoka kwa familia moja. Safi sana. Lakini angalia majina yanayojirudia. Pesa hufuata jina linalojulikana. Spelman inastahili, hilo sibishi, ila Spelman haikuwa inakaribia kufungwa. Chuo kidogo cha Tougaloo, Mississippi, kilipata dola milioni 6 katika ule mzunguko wa 2020. Ni pesa, naam, lakini ona tofauti.

Kinachonivutia zaidi ni kitu ambacho Mkenya yeyote atakielewa haraka: chama. Muungano wa UNCF ulianzishwa mwaka wa 1944 na Frederick Patterson, aliyekuwa mkuu wa Tuskegee, baada ya kuona kwamba vyuo vya weusi vinapoteza nguvu kwa kila kimoja kwenda kubisha mlango wa tajiri yule yule. Wakaamua kuomba kwa pamoja na kugawana. Leo una wanachama 37, na unajenga mfuko mmoja wa akiba ya kudumu wenye lengo la dola milioni 370, yaani kila chuo kiwe na fungu la milioni 10. Wakfu wa Lilly ulitoa dola milioni 100 Januari 2024, na MacKenzie Scott akaongeza milioni 70 mwaka wa 2025.

Hebu tufanye hesabu tena. Asilimia 4 ya milioni 10 ni dola 400,000 kwa mwaka. Haijengi bweni. Haiwezi kuokoa Saint Augustine's. Lakini ni pesa zinazokuja mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa baada ya huo, na unaweza kuziandika kwenye karatasi mbele ya shirika la ithibati. Hicho ndicho Bennett walikosa wakiwa na milioni 8 mkononi. Mfuko wa pamoja pia hufikia wawekezaji ambao chuo kimoja kidogo hakiwezi hata kupigiwa simu nao. Kama ningekuwa na dola moja ya kutoa, ningeiweka hapo kabla ya kuipeleka kwenye kampeni ya dharura, ingawa najua kampeni ya dharura ndiyo hutoa machozi.

Kuna na njia ya Paul Quinn, ya Dallas, Texas. Michael Sorrell alichukua uongozi mwaka wa 2007, chuo kikiwa hoi. Kitu cha kwanza alichofanya, katika jimbo linaloabudu mpira wa Kimarekani, ni kufuta timu ya mpira huo kwa sababu ilikuwa inakula pesa. Mwaka wa 2010 uwanja ukageuzwa shamba, kwa ushirikiano na kampuni ya PepsiCo. Mtaa ule ulikuwa hauna duka la maana la vyakula. Sukuma na mboga nyingine zikaanza kuota pale watu walipokuwa wanashangilia, nyingine zikienda kwa majirani, nyingine zikiuzwa, hata kwa uwanja wa timu ya Dallas Cowboys. Ukiuliza mimi, uwanja wa mpira ulioanza kulisha uwanja mwingine wa mpira ni mzaha mzuri.

Lakini usisome hadithi hii kama ya motisha. Ithibati ya awali waliipoteza mwaka wa 2009, wakalindwa na mahakama, wakajiunga na TRACS mwaka wa 2011. Wanafunzi walishuka hadi kama 150 kabla ya kuanza kupanda. Mwaka wa 2017 serikali ilikitambua rasmi kuwa chuo cha kazi: kila anayeishi chuoni anafanya kazi saa kadhaa kwa wiki, ndani ya chuo au katika kampuni za Dallas, na sehemu ya karo inapungua. Imefanya kazi kwa sababu kuna Dallas hapo, mji wenye kampuni zinazoweza kuajiri. Ukihamisha mpango huo hadi kijiji cha Lawrenceville, Virginia, kilipokuwa Saint Paul's, utaajiriwa na nani? Watu hupenda kusema vyuo vidogo vijifunze kutoka kwa Paul Quinn. Vijifunze, lakini havitaweza kunakili mji.

Washington inatoa kwa mkono mmoja

Mwaka wa 2025 umeleta mambo mapya, na hapa ndipo unafaa kuwa macho. Septemba hiyo, wizara ya elimu ya Marekani ilisimamisha takriban dola milioni 350 za misaada kwa vyuo vinavyohudumia wachache, hasa vile ambavyo angalau robo ya wanafunzi ni wa asili ya Kilatino, ikisema kuvifafanua kwa asili ya wanafunzi ni kinyume cha katiba. Siku chache baadaye ikatangaza dola milioni 495 za ziada kwa vyuo vya weusi na vya Wamarekani asilia. Ukiwa mkuu wa chuo kidogo cha weusi, unafanyaje? Unakataa? Hauwezi. Unapokea, ukijua kuna jirani yako aliyenyang'anywa. Na soma maandishi madogo: ni pesa za mara moja. Mwaka unaofuata hauna ahadi. Tumerudi pale pale pa Bennett, kishindo leo, kimya kesho.

Vyuo vya Wamarekani asilia vina shida yao ya kipekee. Cha kwanza, kinachoitwa leo Diné, kilianzishwa mwaka wa 1968 na watu wa Navajo. Kwa sheria ya mwaka wa 1978, serikali kuu huvilipa kwa kuhesabu wanafunzi wa jamii hizo. Mwanafunzi asiye wa jamii hizo akija, anafundishwa, lakini haleti hata senti ya mgao huo. Pendekezo la bajeti la utawala wa Trump mwaka huo wa 2025 lilitaka kukata mgao wa vyuo hivyo kwa karibu asilimia 90. Wizara moja inatangaza nyongeza, idara nyingine inapendekeza kukata. Panga bajeti hapo, kama wewe ni mkali.

Halafu kuna mikopo ya wazazi. Mzazi Marekani anaweza kumkopea mwanawe kutoka serikali kuu, mpango uitwao Parent PLUS. Mwaka wa 2011 serikali ilikaza masharti ya historia ya mkopo kimyakimya. Maelfu ya wazazi wa wanafunzi wa vyuo vya weusi wakakataliwa, na wanafunzi wakarudi nyumbani katikati ya masomo. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 inaweka kikomo kipya kuanzia Julai 1, 2026: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mwanafunzi. Kuna hoja nzuri ya kufanya hivyo, kwa sababu wazazi wamezama kwenye madeni ya kutisha. Mimi mwenyewe singependa mamangu akope hivyo. Ila ukimzuia mzazi kukopa bila kuongeza Pell, hujapunguza gharama ya chuo, umehamisha tu mahali pa kulia.

Na sisi Wakenya tunaingilia wapi? Kwanza, historia. Mbiyu Koinange alienda Hampton, Virginia, chuo cha weusi, mwaka wa 1927. Aliporudi alianzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka wa 1939, kilichojengwa kwa michango ya wananchi, rika kwa rika, bila pesa za mkoloni. Mkoloni alikifunga mwaka wa 1952. Kwa hivyo chuo cha watu maskini kinachosimama kwa michango si kitu kigeni Kiambu.

Pili, ni wewe unayesoma hapa ukiwa na barua ya udhamini mkononi. Vyuo vidogo vya Marekani vinawatafuta vijana wetu, hasa wakimbiaji, na mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa siku 49 mwaka wa 2025 umewafanya wengi watamani kuondoka hata kesho. Sikuambii usiende. Wengi wamesomea katika vyuo vya aina hiyo na wameiva. Lakini kabla ya familia kuuza ng'ombe wa nauli, ingia kwenye tovuti ya shirika linalokipa chuo hicho ithibati, si tovuti ya chuo chenyewe. Tafuta jina la chuo. Mashirika hayo huandika wazi kama chuo kiko chini ya onyo au kiko kwenye kipindi cha majaribio, na kwa sababu gani. Ukiona sababu ni pesa, mwandikie msajili umuulize maswali mawili: wafanyakazi walilipwa mwezi uliopita? Na chuo kikifungwa nikiwa mwaka wa pili, mna makubaliano na chuo gani cha kunipokea pamoja na alama zangu? Akikujibu kwa maneno matamu bila kutaja jina la chuo, subiri kwanza kuuza huyo ng'ombe.